Safari Kumi na Nne za Mchanga

Pale Voi wananiita Risiti. Jina nilipewa na vijana wa bodaboda wanaonunua spea dukani kwangu, na kwa miaka mingi nililipenda. Ukinunua cheni kwangu nakuandikia risiti. Ukiniuzia mayai ya kuchemsha nakudai risiti. Mke wangu Margaret aliwahi kusema mbele ya watu kwamba siku nikifa nitamdai Mungu risiti ya roho. Nilicheka, tena kwa kujigamba. Mimi Zephaniah kuibiwa? Aka! Wangeibiwa wengine wote kwanza.

Basi nisikilize nikwambie jinsi nilivyohesabu mpaka nikajivua nguo hadharani.

Kwetu ni Ronge, Mwatate ukishaiacha nyuma na kuanza kupanda. Huko nina nyumba ya vyumba vinne, imekaa kando ya nyumba ya mama yangu, Jerusha. Masika ya mwaka huu upepo uliezua nusu ya paa, na mvua ikaufanya ukuta wa nyuma upasuke kutoka dirishani mpaka chini. Mwaka mwingine ningeiacha hivyo mpaka Krismasi. Lakini binti yangu wa kwanza, Lynn, alikuwa amepata mtu wake, mwalimu kutoka Bomeni kule Taveta, na wazee wa kijana walituma habari kwamba watakuja kujitambulisha Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita. Utawapokea wakwe kwenye nyumba yenye nusu paa? Wakirudi Taveta watasema nini? Nililala macho siku mbili nikiwaza watakayosema.

Nikampigia fundi Obadiah. Humjui, basi nikujulishe. Mtu mfupi, mkimya, miaka hamsini na kitu, penseli haimtoki sikioni. Baba yake aliwajengea wazazi wangu, yeye akanijengea mimi. Ukuta wake hauna maneno. Ila ukimwuliza jambo lazima akune kidevu kwanza, na mimi mtu anayekuna kidevu wakati wa bei humshuku.

Alishuka mpaka Voi, akakaa juu ya kreti ya oili dukani, tukapatana. Alitaka elfu sitini, nikamvuta, nikamvuta, akafika arobaini na tano. Tukaandika kwenye kipande cha katoni: ufundi wa paa na ukuta, elfu arobaini na tano, vifaa vya mwenye nyumba, na mwenye nyumba atavifikisha mpaka nyumbani. Nilisoma kwa sauti, nikatia sahihi, naye akatia. Katoni nikaitundika kwenye msumari nyuma ya kaunta. Mambo yangu huwa ni ya maandishi.

Nikanunua mabati, mbao, simiti mifuko kumi na lori la mchanga. Nikavituma. Alasiri ile ile Obadiah akapiga simu.

"Baba Lynn, lori limemwaga pale chini barabarani. Halipandi."

"Si ulijua halipandi?"

"Nilijua. Nikadhani na wewe wajua, si ni kwenu? Sasa vitu vipande vipi?"

Dukani kulikuwa na wateja watatu, na mmoja alikuwa ananirudishia betri aliyoiua mwenyewe akidai imetoka mbovu. Damu ilikuwa imeshanichemka. Nikamwambia, "Obadiah, fundi ni wewe. Fanya ufanyavyo. Usiniletee maneno, mimi nataka nyumba." Nikakata. Simu hiyo ikumbuke, kwa sababu mimi niliisahau kabla hata ya kufunga duka.

Utashangaa mtu aliyezaliwa Ronge anasahauje mlima. Nimekaa Voi miaka thelathini na moja. Voi ukinunua mchanga unamwagiwa mlangoni, ukinunua simiti inakuja na mkokoteni mpaka kizingitini. Na nilipojenga nyumba ile, marehemu baba ndiye aliyesimamia. Mimi nilituma pesa, nikapanda Desemba nikakuta nyumba imesimama. Sikuuliza mchanga ulifikaje pale, na hakuna aliyenieleza.

Kazi ikaisha Jumatano. Margaret aliona picha kwenye simu akapiga vigelegele jikoni. Elfu arobaini na tano zote nikamtumia Obadiah jioni hiyo, nikamwandikia: "Nimemaliza deni, nasubiri uthibitisho." Akajibu: "Asante, bado za wabebaji, tutaongea ukija." Nikaisoma nikaona ni maneno ya kuombea chai.

Alhamisi tukapanda. Gari lilituacha barabarani, na kutoka pale mpaka nyumbani ni kijia tu, kinakwea kati ya migomba na mawe. Nilikuwa nimebeba koti langu peke yake. Nilipumzika mara mbili. Mara ya pili Margaret, aliyekuwa na sufuria mbili mkononi, aliniuliza kama anibebee na koti. Nikamwambia anyamaze.

Nyumba ilikuwa nzuri, haki ya Mungu. Paa liling'aa, ukuta ulikuwa umenyooka, huwezi kujua ulipasukia wapi. Mama alikuwa kwenye kigoda mlangoni kwa jiko lake, anapepeta maharagwe ya wageni. Nilimwamkia, nikampa mkate niliomletea, nikajiona mwana wa maana. Ndipo Obadiah akaja na karatasi.

Ilikuwa na mstari mmoja. Kupandisha vifaa, safari mia moja tisini na mbili, kila safari shilingi hamsini. Jumla elfu tisa na mia sita.

"Kupandisha nini?" nikamwuliza.

"Vitu vyako. Kutoka barabarani."

"Tulikubaliana arobaini na tano."

"Za ufundi. Zile nimepata, asante. Hizi si zangu, Baba Lynn. Ni za kina mama waliobeba. Niliwaahidi ukija watalipwa."

"Nani alikuambia uahidi watu pesa zangu?"

Akakuna kidevu. "Ulisema nifanye nifanyavyo."

Kwa kuwa nilikuwa nimesahau, niliona ananitungia. Ebo! Mtu ananiangalia machoni na kunitungia maneno kwangu mwenyewe! Nikapandisha sauti. Nikamwambia nimeshawaona mafundi wa aina yake, wanakupa bei ya mdomo mtamu, kisha kazi ikiisha na wakwe wako njiani wanakubana koo. Mama aliinua kichwa kwenye ungo akasema polepole, "Zefa, mwanangu, mpe mwenye haki haki yake, mle chakula."

"Mama, haya ni mambo ya hesabu," nikamwambia. "Wewe chambua maharagwe."

Ndivyo nilivyomjibu.

Majirani wakaanza kutoka. Wakio, binti wa shangazi yangu, alikuja akifuta mikono kwa leso. Akaja Immaculate, akaja Mable, wakaja wengine. Mtu mwenye akili akiona watu wanakusanyika hupunguza sauti. Mimi nikiwaona watu ndipo hupata nguvu. Nikatamka neno mwizi. Nikalirudia ili waliokuwa mbali wasikie. Kwa fundi wa kijijini neno hilo likimshika hana kazi tena, atakufa na mwiko wake mkononi, na nililijua hilo nilipolisema.

Mzee Sylus wa nyumba kumi naye akafika, daftari kwapani. Nikafurahi. Nikamwambia, "Karibu, mzee, ushuhudie. Huyu anasema watu wamebeba safari mia moja tisini na mbili. Mimi nataka majina. Kila mtu na safari zake. Pesa bila jina silipi hata senti."

"Majina ya nini?" Obadiah akasema. "Hesabu ni ya safari, si ya majina."

"Majina!"

Sylus akamwambia kama yako ayasome tu, mambo yaishe. Obadiah akatoa daftari dogo mfukoni. Alifungua taratibu mno, akamwangalia Wakio, akaangalia chini. Nikamwona mtu aliyekamatika.

"Wakio, thelathini na moja," akasoma.

"Ni mimi," Wakio akasema.

"Immaculate, ishirini na sita."

"Ni mimi."

Akasoma mpaka mwisho, watu kumi na mmoja, kila mmoja akiitika, na mimi nikijumlisha kwenye simu. Alipofunga daftari nilibonyeza, nikaiinua simu juu kama kombe.

"Mia moja sabini na nane! Umeniandikia mia moja tisini na mbili. Kumi na nne zilibebwa na nani? Na majini?"

Kina mama walitazama miguu yao. Nikadhani wanamwonea aibu fundi wao.

"Njia ya mwongo ni fupi," nikasema. Raha niliyoisikia wakati ule, wacha nisikufiche, ilikuwa raha kubwa. Miaka yote ya kuitwa Risiti ilikuwa imezaa matunda, tena mbele ya kijiji kizima.

Obadiah akasema, "Basi hizo kumi na nne zitoe. Ni mia saba. Nitazilipa mimi. Walipe hawa wengine."

"Sikieni! Ameungama!" Nikamgeukia Sylus. "Mzee, andika. Ameungama mbele ya mashahidi. Na asipoomba msamaha hapa hapa kila mtu akisikia, kesho niko kwa chifu. Hapa Ronge hatajenga tena hata banda la kuku!"

"Zefa, wachana nayo," Wakio akasema. "Tafadhali. Lipa, wachana nayo."

"Siachi! Nataka aseme, hizo kumi na nne ni za nani?"

Obadiah alikunja daftari, akalirudisha mfukoni. Mdomo aliufunga. Nasema tena ili ulione: mtu aliitwa mwizi nyumbani kwa watu, penye majirani na serikali, na jibu lilikuwa mfukoni mwake, na akanyamaza.

Mama akaweka ungo chini.

"Ni zangu," akasema.

Sikuelewa. Nilimwambia, "Mama, hebu ngoja kwanza."

"Hizo kumi na nne ni zangu, Zefa. Ni mchanga. Nilibeba mchanga."

Mama yangu ana miaka sabini na tatu. Alisimama kwa kushika mwimo wa mlango, kama anavyosimama siku hizi, akaja katikati ya watu. Ndipo nikatazama miguu yake. Alikuwa amevaa viatu vya kitambaa vilivyofunguka mbele, vidole viwili vya mguu wa kulia viko nje. Nilikuwa nimefika pale tangu saa nne asubuhi na sikuwa nimeviona.

"Mimi ndiye nilimwambia Obadiah asinitaje mbele yako," akaendelea. "Sikuweza ndoo nzima, nilibeba nusu. Yeye ameniandikia nzima, nilimkataza akakataa. Kama ni wizi, wizi ni huo. Ni wa kwangu, usimtukane."

"Mama, wewe kubeba mchanga? Wa nini?"

"Nilitaka sukari ya wageni. Na viatu. Wakwe zako wasije wakaniona hivi wakasema Zephaniah mama yake hana mtu."

"Mbona hukuniambia?"

Alifikiri kidogo, bila ubaya. "Nilikuambia mwezi wa pili. Ukasema mambo magumu. Nikasema sawa."

Ni kweli. Nilikuwa nikimtumia elfu tatu kila mwisho wa mwezi, na tangu Januari sikutuma. Nilijiambia ana shamba, ana ndizi, ana kuku, mzee anakula nini? Mwezi huo huo wa pili nilinunua televisheni ya dukani ili wateja watazame mpira. Risiti yake ninayo.

Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Obadiah alikuwa ameijua aibu yangu wiki mbili nzima. Aliiona ikipanda mlima na nusu ndoo kichwani, ikipumzika kwenye jiwe, ikishuka tena. Akaifunika, na mimi ndiye niliyeifunua kwa nguvu, nikiwaita watu waje waone. Wakio alijua. Immaculate alijua. Kijiji kizima kilijua isipokuwa mwenye nyumba. Nilitamani ardhi ipasuke pale pale penye ukuta mpya nitumbukie na simu yangu ya kuhesabia.

Na mlima wenyewe ndipo uliponirudia kichwani, na simu ya dukani ikanirudia. Fanya ufanyavyo. Nilikuwa nimeyasema kwa mdomo wangu.

Nilitoa pochi. Nilihesabu elfu tisa na mia sita nikampa Obadiah, naye akaita majina upya, mmoja mmoja, kila mtu akapokea chake. Hakuna aliyenicheka. Ningependa wangenicheka. Mama alipanga foleni nyuma ya Mable, akawa wa mwisho. Nilimfuata pale kwenye foleni nikamwekea noti tano za elfu moja mkononi. Akanirudishia, akanikunjia vidole juu yake.

"Hizo nipe siku nyingine," akasema. "Leo nachukua za kazi yangu."

Obadiah akamhesabia mia saba. Alizipokea kwa mikono miwili, akazifunga kwenye pindo la leso. Kisha akamwambia, "Niandikie kikaratasi. Mwanangu hupenda karatasi."

Hakusema kwa kejeli. Laiti angesema kwa kejeli! Alidhani kweli kwamba bila karatasi nitakuja kugomba tena. Obadiah akachomoa penseli sikioni, akaandika, akararua, na Mama akanikabidhi. Jerusha, safari kumi na nne, shilingi mia saba, imelipwa.

Nyanya yangu angekuwepo, angepiga funda la maji, akalipuliza chini na kusema moyo wangu umetoka hasira, kama walivyofanya wazee wetu walipokosewa na mtoto. Kutasa, ndivyo walivyokuita. Kilikuwa kitendo cha dakika moja na kila mtu alijua amesamehewa. Mama ni wa kanisa, hafanyi hivyo. Na nadhani hakuwa na hasira ya kutoa. Alirudi kwenye kigoda chake akaendelea na maharagwe.

Nilimfuata Obadiah mpaka kwenye migomba. Nilijikaza nikasema, "Nimekukosea. Nisamehe." Yeye akakuna kidevu, muda mrefu.

"Yameisha, Baba Lynn," akasema.

"Jumamosi uje ule na sisi."

"Jumamosi nina kazi," akasema, akashuka na sanduku lake la vyombo. Hakuja. Sikutarajia.

Ijumaa Mama alishuka Mwatate peke yake. Nilimwitia pikipiki imngoje barabarani, akamrudisha mwenye pikipiki. Alirudi na kilo mbili za sukari na viatu vyeusi vya raba, akavipiga maji na kuvianika jiweni. Margaret hakunisemesha siku nzima, isipokuwa kuuliza chumvi iko wapi.

Jumamosi wageni wakaja, watu kumi na wawili kutoka Taveta. Walifika juu wakihema, majasho yanawatiririka, wakikitania kile kijia. Tuliwakalisha sebuleni chini ya mabati mapya. Lynn alikuwa amependeza. Maongezi yalikwenda vizuri, vicheko, maombi, kila kitu. Mama alipita akisalimia kila mtu, viatu vyake vikilia kidogo sakafuni.

Baba mkwe mwenyewe, Mzee Gibson, alikuwa mtu wa kuangalia vitu. Aliangalia paa, akaangalia ukuta, akagonga kwa kidole.

"Kazi safi," akasema. "Lakini Mzee Zephaniah, niambie ukweli. Mlima ule! Mimi nimebeba tumbo langu tu nimekaribia kufa. Mchanga wote huu ulipandaje hapa?"

Watu wakacheka, wakaningoja. Nilijua Mama yuko nyuma yangu, nilimsikia. Jibu lilikuwa maneno mawili tu, tena ya heshima, na nilikuwa nimejiapia tangu Alhamisi kwamba nitakuwa mtu mwingine. Nilifungua mdomo nikamtazama Mzee Gibson na suti yake.

"Vibarua," nikasema. "Tuliweka vibarua."

"Ndiyo, hapa lazima vibarua," Mzee Gibson akasema, akarudi kukaa.

Mama akaja upande wangu na birika. Akanimiminia chai kikombe kikajaa, kisha akatia sukari vijiko viwili, kama ninavyopenda, akakoroga.